Mchumba wangu alinificha mtoto: nikimsamehe, harusi iendelee Desemba?

BARUA

Bwana Yesu asifiwe, watumishi.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina miaka 29, naishi Morogoro. Nimechumbiwa na kaka wa miaka 34 ambaye tunaimba naye kwaya moja. Posa ililetwa mwaka jana, mahari imelipwa nusu, na harusi imepangwa Jumamosi ya pili ya Desemba. Kamati imeshakaa vikao vinne, bajeti ni milioni 14, ukumbi umelipiwa malipo ya awali. Tangazo la kwanza lilikuwa lisomwe kanisani mwanzoni mwa Novemba.

Wiki mbili zilizopita mchumba wangu aliniita akanionyesha ujumbe kwenye simu yake. Ulitoka kwa dada wa mwanamke aliyewahi kuishi naye Mwanza kabla hajaokoka. Uliandikwa: "Mtoto anaanza darasa la kwanza Januari. Baba yake upo?" Ndipo akanieleza yote. Waliishi nyumba moja miaka mitatu, majirani wakiwajua kama mume na mke, ingawa hakupeleka mahari wala hawakufunga ndoa. Walipata binti. Mtoto alipofikisha mwaka mmoja, yeye alipata kazi huku, akaondoka, hakurudi tena. Miaka mitano sasa, ametuma hela mara mbili.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kwenye mafundisho ya ndoa mchungaji alituuliza wazi kama kuna mwenye mtoto. Alijibu hapana, nami nimekaa kiti cha pembeni yake.

Sasa analia, anafunga na kuomba, anasema ya kale yamepita. Mama yangu anataka mahari irudishwe. Mama mmoja wa kikundi cha maombi ananiambia, "Mungu amemsamehe, wewe ni nani?" Nampenda, siwezi kuficha. Lakini kila tukikutana namwomba simu niisome, na nikishaisoma najichukia.

Naomba mnisaidie. Nikimsamehe ndiyo harusi iendelee kama ilivyopangwa? Nimpigie yule mwanamke? Na mtoto tumchukue tuishi naye? Mchumba wangu anasema hiyo ndiyo njia ya kutengeneza.

Njia Panda, Morogoro

JIBU

Dada yetu,

Harusi ya Desemba isogezeni. Tunalitanguliza hili ili usome yanayofuata kwa utulivu. Hatujasema uchumba uvunjwe, na wala hatujasema umnyime msamaha. Mama yako na yule mama wa maombi wanavuta kamba pande mbili, lakini wote wawili wamefunga fundo moja: wanadhani kusamehe na kuolewa ni jambo moja. Kusamehe ni kwako na Mungu wako, na kunaweza kuanza leo, hata kabla mchumba wako hajatengeneza chochote. Kumwamini tena kutajengwa na vitendo vyake, kwa miezi. Ndoa nayo ina masharti yake kanisani na kwenye sheria za nchi, na machozi hayaondoi hata sharti moja.

Tena wewe, katika habari hii, ndiye mwenye kudai kidogo kuliko wote. Alikudanganya, ni kweli, na akamdanganya mchungaji mbele yako. Lakini Mwanza kuna mtoto aliyelelewa miaka mitano bila matunzo ya baba yake ila zile hela za mara mbili, na mama aliyejibu peke yake kila swali la "baba yuko wapi?" Huwezi kumsamehe mchumba wako kwa niaba yao. Hata mchungaji hawezi. Ndiyo maana ile hoja ya "ya kale yamepita" tunaikataa inapotumiwa hivi. Katika 2 Wakorintho 5:17 kilichopita ni utu wa kale. Ada, sare na maziwa ya mtoto havikutajwa. Zakayo alipookolewa hakumwambia Bwana kwamba ya kale yamepita. Alisimama akataja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na kila aliyemdhulumu kurudishiwa mara nne.

Soma upya habari ya Yusufu na ndugu zake, Mwanzo 42 hadi 45, ukiwa na swali lako mkononi. Watu hukimbilia sura ya 45, pale wanapokumbatiana. Angalia 42:24: Yusufu alijitenga akalia mapema kabisa, siku zile za kwanza walipofika kununua nafaka. Moyo wake ulikuwa umeshalainika. Hata hivyo hakujitambulisha. Alisubiri mpaka ndugu zake wakawekwa tena mahali palepale walipoangukia: kuna mdogo anayependwa na baba, na kuna nafasi ya kumwacha Misri wakajiendea zao. Yuda, ambaye ndiye aliyetoa shauri la kumuuza Yusufu, safari hii akasema abaki yeye mtumwa, kijana aende zake. Hapo ndipo Yusufu alipojifunua. Mchumba wako naye amerudishwa palepale alipoangukia. Mtoto yuleyule anamhitaji tena, Januari hii. Mtihani wake ni huo, na wewe una haki ya kungoja majibu yatoke.

Sasa sheria, maana hapa ndipo wengi wanapoteleza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakithibitika kuishi pamoja miaka miwili au zaidi katika hali iliyowafanya wajulikane kama mume na mke, itachukuliwa kwamba walioana, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Miaka mitatu, nyumba moja, majirani wanawajua: umetuandikia sifa zote za kifungu hicho bila kujua. Dhana hiyo inaweza kupingwa mahakamani, na kutokuwepo kwa mahari wala sherehe ni sehemu ya hoja za kuipinga. Lakini hata ikipingwa ikaanguka, kifungu hichohicho kinampa yule mama haki ya kuomba matunzo yake na ya mtoto. Ndoa ya Kikristo ni ya mke mmoja. Sheria inataka notisi isiyopungua siku 21 kabla ya ndoa, na matangazo ya kanisani yapo ili mwenye pingamizi asimame. Ndugu wa yule mama wameshapata namba ya simu ya mchumba wako. Kupata tarehe ya harusi hakutawashinda. Pingamizi likiletwa siku tatu kabla ya ndoa, watakaoaibika ni wazazi wenu wote pamoja na yule mtoto.

Kwa hiyo, kabla ya kitu kingine chochote, mchumba wako amwone mwanasheria au msaidizi wa kisheria. Msaada wa kisheria wa bure upo kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2017, na ofisi ya Ustawi wa Jamii ya halmashauri itamwelekeza kwa kuanzia. Aeleze mambo yote, bila kupunguza ile miaka mitatu ikawa "tulikuwa tunatembeleana".

Umeuliza kama umpigie yule mama. Usimpigie, si sasa. Ukimpigia wewe, atasikia sauti ya mwanamke anayeolewa na baba wa mwanawe, na hata ukiwa mpole kiasi gani simu hiyo itakuwa na harufu ya upelelezi. Anayetakiwa kwenda ni mchumba wako, tena kwa miguu yake, Mwanza, mchana, akiwa na mtu mzima anayeheshimika wa kwao na ikiwezekana mzee wa kanisa. Asiende peke yake na asilale huko kwa wenyeji. Wapitie kwa wazazi au mlezi wa yule mama, si kugonga mlango wake tu. Akifika aombe radhi kwa maneno yanayotaja kosa: "Nilikuacha na mtoto wa mwaka mmoja, miaka mitano nikatuma hela mara mbili tu." Asiseme "kama nilikukosea". Asiseme "nilikuwa sijaokoka", maana mpagani naye hulea mwanawe. 1 Timotheo 5:8 ni kali kuliko sisi katika jambo hili. Na asidai kusamehewa siku hiyohiyo. Yule mama anaweza kumfukuza, na atakuwa na haki yake.

Kuna maswali ambayo yule mzee, siyo mchumba wako, anapaswa kuyauliza na kurudi na majibu yake: je, mama huyu anajihesabu bado kuwa mke? Kuna chochote kilichopelekwa kwao, hata barua ya posa au hela ya kujitambulisha? Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kimeandikwa jina la baba yupi? Akijibu kwamba yeye bado ni mke na anamsubiri mumewe, shughuli zote za harusi yenu zisimame hadi jambo hilo lipate mwisho wake mahakamani au kwa maridhiano ya maandishi.

Tuje kwenye hela, kwa sababu toba ya namna hii huonekana kwanza kwenye muamala. Hukututajia mshahara wake, basi chukua mfano wa mtu anayebaki na shilingi 700,000 baada ya makato. Matunzo ya kila mwezi wakubaliane, tuseme, 120,000. Halafu kuna ya nyuma. Wakikadiria 60,000 tu kwa mwezi kwa miezi 60, ni 3,600,000. Anatoa 1,200,000 mara moja, na hapa ndipo ile fedha aliyojiwekea kwa ajili ya harusi inapopata kazi. Zinazobaki 2,400,000 anazilipa 100,000 kwa miezi 24. Maana yake kwa miaka miwili ya kwanza ya ndoa yenu, ikiwa itakuwepo, 220,000 zitakuwa zinaondoka kila mwezi na nyumba yenu itaendeshwa kwa 480,000 pamoja na mshahara wako. Fanya hesabu hiyo kwa namba zenu halisi, kwenye karatasi. Kama huwezi kuishi nayo bila kinyongo, ni afadhali ujue sasa. Shule ya msingi ya serikali haina ada, lakini sare, viatu, begi na madaftari havitasubiri deni lipigiwe hesabu, kwa hiyo hivyo vitangulie kabla shule hazijafunguliwa.

Makubaliano yaandikwe mbele ya Afisa Ustawi wa Jamii, wazazi wote wawili watie saini, kila mmoja abaki na nakala. Fedha zitumwe kwa simu tarehe ileile kila mwezi, kwa namba ya mama mwenyewe, na ujumbe wa muamala uhifadhiwe. Matunzo yanayopelekwa mkononi kupitia shangazi au binamu ndiyo yanayozaa kesi: mmoja anaapa ametoa, mwingine anaapa hajaona. Wewe usiwe mtumaji. Tunajua utashawishika kuingilia siku atakayochelewa, ili amani iwepo. Ukifanya hivyo hutajua kamwe kama amebadilika au umembeba.

Kumchukua mtoto? Hapana. Wazo hili hutolewa kwa nia njema na huumiza sana. Binti wa miaka sita hamjui baba yake hata kwa sauti. Kumtoa kwa mama yake ili baba aonekane ametubu ni kumtoza mtoto gharama ya toba ya mtu mzima. Kifungu cha 125 cha sheria hiyohiyo ya ndoa kinachukulia kwamba ni heri kwa mtoto aliye chini ya miaka saba kuwa na mama yake, isipokuwa kuwe na sababu ya kuonyesha vinginevyo. Baba aanze na simu siku moja maalumu kila wiki, dakika kumi zinatosha, na asikose. Kisha amtembelee wakati wa likizo, huko huko Mwanza. Wewe utatambulishwa baadaye, mama wa mtoto akiwa amearifiwa kabla. Ikifika siku ya mtoto kuja kukaa kwenu likizo, awe na kitanda chake na nguo zake, na asiitwe mgeni wala asilazimishwe kukuita mama.

Mchungaji. Kule kwenye mafundisho mchumba wako alisema uongo, na ni yeye anayepaswa kurudi kuurekebisha, kabla ya tangazo lolote. Wewe usimtangulie, lakini mpe muda: siku saba. Makanisa yanatofautiana katika hili. Kwingine atapewa mafundisho na kurudishwa kundini mbele ya usharika, kwingine litaishia kwa mchungaji na wazee. Tunachoshauri ni kwamba ungamo liende upana ule ule wa kosa lilipojulikana, na jina la mtoto na la mama yake yasitajwe madhabahuni hata kidogo. Baada ya mchungaji ni wazazi wake, kisha mshenga, kisha wazazi wako. Mama yako ameshajua kupitia kwako. Bado anahitaji kusikia kwa mdomo wa aliyekosa, akiwa ameketi mbele yake. "Afichaye dhambi zake hatafanikiwa, bali yeye aziungamaye na kuziacha atapata rehema," Mithali 28:13. Wengi huishia kwenye kuungama.

Kamati haihitaji kujua sababu. Mwenyekiti atangaze kwamba familia zimesogeza tarehe, basi. Mweka hazina afunge daftari, aandike kila mchango uliokwisha kuingia na jina la mtoaji, na fedha zikae benki bila kuguswa; anayetaka mchango wake arudishiwe. Kadi zisichapwe. Mwenye ukumbi muombeni kuhamisha tarehe, msianze na kudai kurudishiwa, maana malipo ya awali mara nyingi hayarudi lakini tarehe huweza kusogea ukiwahi. Tarehe mpya msiipange kabla ya Pasaka. Makanisa mengi hayafungi ndoa wakati wa Kwaresma, na ninyi mnahitaji miezi hiyo.

Katika miezi hiyo kapimeni, wote wawili, na majibu mpokee pamoja. Virusi vya UKIMWI, kaswende, homa ya ini aina ya B. Ikiwa kuna yeyote aliyekuwa na mahusiano ndani ya miezi mitatu iliyopita, kipimo cha VVU kirudiwe miezi mitatu ikishapita tangu tukio. Asiye na homa ya ini aanze chanjo: dozi tatu, ya pili baada ya mwezi mmoja na ya tatu mwezi wa sita. Mkiwa maabara pimeni na seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, jambo lisilohusiana na dhambi ya mtu yeyote.

Sasa habari ya simu unayoisoma na kujichukia. Usijichukie. Aliyedanganywa hutafuta ukweli mahali alipouona mara ya mwisho, na wewe uliuona kwenye simu. Ila simu haina mwisho. Ukimaliza ujumbe utaingia kwenye picha, ukimaliza picha utaingia kwenye namba zilizofutwa. Badilisheni utaratibu. Chagueni siku moja ya wiki, saa moja, mahali pa wazi, uulize lolote naye ajibu lote, bila kusema "si nilishatubu?" Nje ya saa hiyo, andika swali kwenye daftari lisubiri. Uliza mambo yanayogusa maisha yenu: kuna mtoto mwingine? Kuna mkopo uliochukuliwa kwa jina lake? Mara ya mwisho kuwasiliana na yule mama ni lini? Usiulize ya kitandani. Majibu ya huko hayakusaidii kuamua chochote, na yatakaa kichwani mwako miaka kumi. Wiki za kwanza saa moja haitatosha. Kufikia mwezi wa tatu, kama anasema kweli, mtakuwa mnakosa maswali. Kama kila wiki linazuka jipya, hilo nalo ni jibu.

Kuna kipimo kingine ambacho huwa tunakiamini kuliko machozi: namna anavyopokea kucheleweshwa. Mwambie kwamba harusi si Desemba, kisha nyamaza umtazame. Akihuzunika akakubali na kuuliza aanzie wapi, hiyo ndiyo huzuni anayoitaja Paulo katika 2 Wakorintho 7, ile inayoleta bidii. Akikasirika, akahesabu fedha zilizotumika, akasema watu watatuonaje, anaomboleza aibu yake tu. Vilevile msikilize akielezea yaliyotokea Mwanza. Akianza kila sentensi na "yule mwanamke naye alikuwa", bado hajafika. Na tumpe haki yake: ujumbe ule angeweza kuufuta. Aliuonyesha kabla tangazo halijasomwa, siku mbaya kabisa kwake. Alichelewa mno, lakini alisema mwenyewe.

Wewe nawe kuna kazi. Ukisamehe, kosa hili halitakuwa fimbo ya kila ugomvi. Siku atakayosahau kununua gesi, usimkumbushe Mwanza. 1 Wakorintho 13 inasema upendo hauhesabu mabaya, na hilo ni gumu hasa kwa mtu mwenye kumbukumbu nzuri kama mwalimu. Lakini matunzo yasipotumwa mwezi wa nne wa ndoa yenu, kuuliza si kufukua ya kale. Hilo ni kosa jipya.

Na ukifika Pasaka ukaona moyo umemsamehe ila mguu haunyanyuki kwenda naye madhabahuni, usiende. Unaweza kumsamehe kabisa na usiolewe naye. Hakuna andiko linalofanya ndoa kuwa risiti ya msamaha. Ikiwa hivyo, mahari irudi kwa njia ileile iliyokuja, kupitia kwa mshenga, mbele ya wazee wa pande zote mbili, iandikwe kiasi gani na siku gani, watie saini. Pete mrudishie siku hiyohiyo. Kwaya mnaweza kuendelea nayo wote, ila mmoja wenu aombe mapumziko ya miezi michache, na tungependelea awe yeye.